Wanawake wa kampuni yangu hawaombi umeneja, nifanye nini?

Swali: "Habari yako madamu. Nina kampuni ya kliaringi, yaani tunatoa mizigo ya wateja forodhani, ofisi kuu iko Kampala na tuna matawi mipakani, Malaba, Busia na Mutukula. Tuko watu 43, wanawake ni 16. Ndani ya miaka miwili nimetangaza nafasi ya meneja wa tawi mara tatu, hakuna mwanamke hata mmoja ameomba, na wanaume wanaomba hata wale ambao kazi yao naijua ni ya kubahatisha tu. Mwezi uliopita nikaamua kumwambia mmoja kwenye mkutano wa Jumatatu, huyu ndiye deklaranti wangu bora, yaani mtu wa kuandaa hati za forodha, ana miaka tisa na mimi. Nikamwambia Malaba ni yako ukitaka. Akaangalia chini akasema asante bosi lakini mpe mwingine. Mshirika wangu ananiambia niachane na hii maneno, ati wanawake wenyewe hawataki kuongoza na mabwana zao hawawezi kuwaruhusu walale mpakani. Mimi nina mabinti watatu na hili jambo linaniuma. Niwapeleke semina ya kujiamini? Niweke nafasi ya wanawake peke yao? Ama niache tu?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuhesabu, manake mabosi wengi ninaokaa nao hawajui hata wana wanawake wangapi mpaka waulize mtu wa mishahara. Nimekuelewa hivi: umeita mara tatu hakuna aliyeitika, ukaita mmoja kwa jina lake akakataa mbele ya watu, na sasa mwenzako amekupa jibu rahisi kwamba hawataki. Wewe mwenyewe hilo jibu halijakuingia, ndio maana umeniandikia. Na mimi halijaniingia. Nimekaa kwenye kliaringi miaka 19, nilianza kama karani wa kubeba makaratasi, nikawa deklaranti, nikawa meneja wa tawi, na siku hizi nazunguka kwa kampuni za usafirishaji nikiwashauri mambo ya wafanyakazi, na hii hadithi ya "wanawake wenyewe hawataki" nimeikuta karibu kila mahali na nikikaa chini na hao wanawake mmoja mmoja nakuta kitu kingine kabisa.

Kabla ya yote nakuomba ufanye kazi ndogo ya jioni moja. Chukua mafaili ya miezi sita iliyopita, toa karatasi, chora safu, andika kila faili nani alipiga entri, yaani kuingiza hati ya mzigo kwenye ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, nani alienda mpakani, nani alisimama kwenye ukaguzi kontena likifunguliwa, nani alipigiwa simu mteja akiwa na hasira kwa sababu ya demareji, ile ada ya kuchelewesha kontena, nani alienda kuongea na afisa wa forodha kitu kikikwama. Sijaona mafaili yako lakini nitashangaa sana kama hutakuta wanawake wako wamejaa kwenye safu ya kwanza na hawapo kabisa kwenye hizo zingine. Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mara ya kwanza mtu alisema safari ya Malaba ni ya usiku, tumpe kijana, mara ya pili yule kijana akapewa tena kwa sababu tayari anajua, na ya tatu hivyo hivyo, miaka tisa ikapita.

Sasa angalia kazi ya meneja wa Malaba ni ipi. Unajua kuliko mimi kwamba tangu huu mfumo wa forodha ya pamoja uanze 2014 entri inapigwa na ushuru unalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, kwa hivyo mtu wa mpakani hapigi tena entri nyingi, yeye kazi yake ni vitu vilivyoharibika. Sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, imekatika njiani, uzito wa lori umezidi, dereva amemaliza pesa ya safari, karatasi inasema kitu kimoja na mzigo unasema kingine, maafisa wa pande mbili wanaangaliana. Yaani umeneja wenyewe ni zile safu za mwisho za karatasi yako. Yule dada amefanya safu ya kwanza miaka tisa, vizuri kuliko wote, halafu unamwambia mbele ya watu Malaba ni yako. Ukweli ni kwamba alifanya hesabu yake haraka na hesabu ilikuwa sawa, alijua kuna kazi hajawahi kushika na kwamba siku ya kwanza akikosea watu watasema si tulisema. Ile "mpe mwingine" yake usiihesabu kama uoga, huyo ni mtu anayeijua kazi.

Nikwambie langu. 2008 nilikuwa napiga entri tu, wakati ule Malaba lori lilikuwa linaweza kulala foleni hata siku tatu. Mwenzetu wa mpakani akashikwa na malaria na hakukuwa na mtu mwingine ofisini isipokuwa mimi, bosi akanipa nauli na bahasha nikapanda basi. Nilifika usiku. Kontena la tailizi, dereva Mswahili wa Mombasa amekaa chini ya trela anakunywa chai kwenye kifuniko cha termosi, ananiangalia, ananiuliza dada wewe ndiye umetumwa? Nikamwambia ndiyo mimi. Tukachukua tochi tukaenda nyuma ya kontena kusoma sili, nikalinganisha na karatasi, namba ya karatasi inaishia na 61 na ya kwenye mlango inaishia na 16. Mtu fulani huko alikotoka mzigo alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Kwa afisa, hiyo ni sili nyingine kabisa, na sili nyingine maana yake kontena limefunguliwa njiani. Nililia kidogo, sitaficha. Halafu nikaosha uso nikaandika barua ya maelezo kwa mkono, nikatafuta afisa wa zamu, nikaomba ukaguzi mbele yetu wote, nikapiga simu Mombasa mpaka mtu akanisomea rejista yao. Saa nne asubuhi lori likatoka na yule dereva akaniita mama kutoka siku hiyo mpaka alipostaafu.

Hakuna mtu aliyenifundisha kujiamini. Nilijiamini kwa sababu nilikuwa nimeshafanya. Na nilipata kufanya kwa sababu mtu aliugua, hilo ndilo linaniuma mpaka leo, manake tulianza wanawake watatu pale na hao wawili walikuwa na akili kunizidi, hawakupata usiku wao kama ule, walibaki kwenye kompyuta wakipiga entri mpaka wakaacha kazi.

Kwa hivyo kuhusu semina ya kujiamini, usianze na hiyo. Sisemi semina ni mbaya, nimefundisha nyingi. Lakini ukimpeleka mtu siku mbili hotelini akaambiwa simama wima, ongea kwa sauti, halafu Jumatatu akarudi kwenye kiti kile kile na faili zile zile, amejifunza kwamba wewe unafikiri shida ni yeye.

Kuna safu nyingine ambayo haipo kwenye mafaili na nakuomba uiongeze. Nani anaandika yaliyosemwa kwenye mkutano, nani anakusanya mabugo, yaani rambirambi, mtu akifiwa, nani anazungusha karatasi ya mchango wa kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, nani anaagiza keki, nani anamfundisha karani mpya mahali pa kupata stempu. Hizi kazi ni muhimu, ofisi bila hizo haikaliki, ila hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa sababu ya mabugo. Na sio kwetu tu, watafiti wa Marekani, Linda Babcock na wenzake, walichapisha 2017 matokeo ya majaribio yao wakaonyesha kwamba kazi za namna hii, zile kila mtu anataka zifanyike lakini hazimpandishi anayezifanya, wanawake wanaombwa zaidi na wanakubali zaidi. Ila wakiwa wanawake watupu ama wanaume watupu, watu wanajitolea sawasawa. Maana yake sio kwamba mwanamke amezaliwa anapenda kuandika muhtasari, ni kwamba wote chumbani wanamsubiri yeye. Ukiweka zamu, mwezi huu mabugo anakusanya fulani, mwezi ujao fulani, na jina lako liwemo, umewarudishia masaa mengi sana bila kutumia shilingi.

Turudi kwa ile Jumatatu. Ndugu yangu, ulifanya kwa moyo mzuri, lakini fikiria wale wanaume wako walioomba, wao waliitwaje? Hakuna aliyeitwa kwenye mkutano. Mmoja aliambiwa na meneja anayeondoka wakiwa wanakula nyama jioni, jitayarishe, mimi mwaka ujao siko. Akapata mwaka mzima wa kuuliza maswali, kuzoea, kuongea na mke wake. Huyu dada alipata sekunde kumi mbele ya watu wote, baadhi yao ndio wanaitaka hiyo nafasi. Na mwanamke wa hapa kwetu akisema haraka "ndiyo naweza" mbele ya wanaume waliomtangulia umri wataanza kusema ana kiburi, kwa hivyo jibu la adabu ni kukataa kwanza. Wewe mwenyewe ukikaribishwa chakula nyumba ya watu si unasema nimeshiba, mpaka ukaribishwe tena?

Hilo la mabwana, nisikudanganye, lipo. Kuna mume atakataa, na kuna wanawake hawataki umeneja kabisa kwa sababu zao wenyewe, kama vile kuna wanaume wako hawautaki, na hao waachwe kwa heshima. Lakini mara nyingi nikimuuliza mwanamke, mume wako alisemaje, nakuta mume hajaulizwa. Na akiulizwa, maswali yake ni ya kawaida sana: atalala wapi, usiku atarudi na nani, mtoto atabaki na nani, pesa inaongezeka kiasi gani. Je una majibu? Kama meneja wako wa Malaba analala gesti ya karibu na paki ya malori na anarudi na boda saa saba usiku basi hata mimi ningemkataza binti yangu. Chumba cha kupanga chenye lango na mtu wa boda mmoja mnayemjua na kumlipa kwa mwezi sio gharama ya kuangusha kampuni, na hata wanaume wako watashukuru. Kuhusu uzazi pia panga mapema. Sheria ya ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi na mshahara wake kamili, na baba siku 4, sasa kama tawi lako haliwezi kukaa siku 60 bila mtu mmoja, hiyo ni shida ya tawi, manake huyo mtu anaweza kupata ajali kesho, kila tawi linahitaji msaidizi anayejua kila kitu.

Na mwenzako akisema kazi za ushuru na mipaka haziwezi kuongozwa na wanawake mkumbushe tu pale tunapopeleka makaratasi yetu kila siku. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, iliongozwa na Allen Kagina kuanzia 2004 mpaka 2014, akafuata Doris Akol mpaka 2020. Hiyo ni miaka 16, mamlaka nzima ya mapato. Ila usimlinganishe deklaranti wako na hao, atajisikia mdogo, hao ni wa kumjibu mwenzako. Mtu wa kumtia moyo yeye ni mwanamke aliyeko hatua moja mbele yake, anayeweza kumwambia siku ya kwanza Busia nilifanya hivi na hivi nilikosea hapa. Mtafute hata kama yuko kampuni nyingine.

Kuhusu kuweka nafasi ya wanawake peke yao, jambo hili sisi Uganda tumelizoea, katiba ya 1995 iliweka theluthi moja ya viti vya mabaraza ya wilaya kwa wanawake na kila wilaya ina mbunge wake mwanamke. Kule India nao walitenga viti vya uongozi wa vijiji tangu 1993, na watafiti waliofuatilia West Bengal waliona kwamba kwanza watu wananung'unika, lakini wanaume waliokwisha kuongozwa na mwanamke wanaacha kumpima vibaya, na baadaye wanawake wanagombea na kushinda hata viti vya wazi. Kwa hivyo inafanya kazi. Shida ni kwamba kijiji kina miaka ya kuzoea, wewe una kampuni ya watu 43. Ukimweka mtu ambaye hajapewa zile safu za mwisho, halafu akaitwa meneja wa upendeleo, atapigana vita mbili. Mimi ningefanya hivyo baadaye, sio leo.

Leo ningebadilisha namna ya kuomba. Usitangaze tena na kusubiri barua. Sema hivi: kila mtu mwenye miaka mitano hapa na cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, jina lake tayari liko kwenye orodha ya kufikiriwa umeneja, asiyetaka aje atoe jina lake, hakuna ubaya. Kitu kidogo lakini kina nguvu. Kuna utafiti wa 2021 wa Joyce He, Sonia Kang na Nicola Lacetera uliojaribu jambo hili, maabara na kwa wafanyakazi wa kweli, na pale ambapo watu waliwekwa ndani kwanza wakaachiwa kutoka, pengo la wanaume na wanawake kwenye kushindana lilipungua sana. Kwa ofisi yetu mimi naona sababu yake wazi, hakuna anayehitaji kusimama na kusema mimi naweza. Adabu inabaki pale pale, jina lipo.

Pamoja na hilo anza zamu za mpakani kwa wote, wiki mbili mbili, kila deklaranti mwanaume kwa mwanamke, na aende na mamlaka ya kuamua, sio kubeba ujumbe. Hapo ndipo utaumia kidogo, nakwambia mapema. Miezi mitatu ya kwanza kazi itapungua kasi, mteja mmoja atalalamika, na yule kijana wako wa Malaba atakasirika kwa sababu ameshazoea kuwa peke yake anayejulikana kule. Vumilia. Na jambo moja nakuonya sana kwa sababu nimeliona kwa macho: usimpe mwanamke wa kwanza lile tawi lililokwisha kuharibika, lenye madeni na wateja waliokimbia, kwa sababu ndilo wanaume hawalitaki. Ataanguka nalo na watu watakumbuka mwanamke, hawatakumbuka madeni.

Kuna mahali barua kama hii haitoshi. Ukiona wanawake wanaacha kazi kutoka tawi moja, ama mtu aliyekuwa anasafiri ghafla hataki tena kwenda na fulani, ama kicheko kinakatika mtu fulani akiingia, usilipe jina la "hawataki kuongoza". Inaweza kuwa kuna anayewasumbua. Sheria hiyo hiyo ya ajira inataka mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 awe na utaratibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini, na wewe una 43, kwa hivyo kama huna karatasi hiyo unaihitaji mwezi huu. Tafuta wakili wa mambo ya kazi akae na wewe ana kwa ana, usijichunguzie mwenyewe, na waambie wafanyakazi wazi kwamba wanaweza kwenda kwa afisa kazi wa wilaya ama FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hao wanasaidia wanawake kisheria bure. Na kama unataka kuwalea viongozi kwa muda mrefu, FUE, lile shirikisho la waajiri, wana programu yao ya wanawake inaitwa Female Future, nenda ofisini kwao uulize, mpeleke mmoja ambaye tayari ameshaonja mpaka. Hapo semina inakuwa na maana.

Yule dada usimwache hivyo. Mwite, sio ofisini kwako mlango umefungwa, mahali pa wazi, kantini panatosha, na msaidizi wako awepo. Anza kwa kumwambia ulikosea kumuuliza mbele ya watu. Halafu mwambie kwa nini yeye, na sio "kwa sababu tunahitaji mwanamke", mtajie faili, lile lililookoa mteja, lile aliloona namba ya bidhaa imekosewa wengine wote wakiwa wameipitisha. Mwambie hutaki jibu leo, unataka aende Malaba wiki mbili mwezi huu na wiki mbili mwezi ujao, na baada ya hapo mzungumze tena. Akinyamaza nawe nyamaza, mpe nafasi. Atakuuliza mshahara ni ngapi, atalala wapi, na akikosa ile wiki ya kwanza itakuwaje. Uwe na hayo majibu matatu mfukoni kabla hujamwita.